Robo Saa ya Mlangoni

Melini, siku ya sitini na moja ya safari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo kibarazani, maana nakujua, barua hii utaisomea hapo hapo, miwani imeshuka puani na chai inapoa. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua umeimaliza, au umeificha kabatini ukisema unaiwekea siku mbaya? Mwanao fundi umeme hajambo? Wajukuu? Na yule paka wako mwizi? Sisi huku ni wazima kabisa. Shemeji yako anakula vizuri, mashavu yameanza kujaa, na anakusalimu sana. Anauliza kama unaumwagilia mlimau wake. Nimemwambia unaumwagilia. Kama huumwagilii, acha kusoma, nenda ukaumwagilie sasa hivi, usinitie uongoni.

Baada ya salamu, naomba radhi. Ulipata ujumbe wangu wa simu kwamba nitashuka kwenye bandari ya katikati, nipande ndege, nirudi peke yangu, na kwamba uniandalie kile chumba cha nyuma chenye dirisha la uani. Najua ulivyo. Ulishafua mapazia, ulishatandika shuka ya maua, na jirani ulishamwambia kwamba dada anarudi na asiulize kwa nini. Kisha siku ya ndege ikafika, ukapata kutoka kwangu maneno mawili: Siji, nitaandika. Ungenifanyia mimi hivyo, ningekununia mwaka mzima. Ningeweza kukupigia, lakini simu za baharini zinakatika-katika, na jambo hili nikikuambia nusu, nusu nyingine utaimalizia mwenyewe, nawe humalizi vizuri. Kwa hiyo nimekaa hapa kwenye maktaba ya meli, meza ya pembeni, nikueleze yote. Nitaanzia hata kwa yale unayoyajua, kwa sababu uliyajua kwa nje tu.

Unakumbuka tulivyoishi. Miaka thelathini na minane shemeji yako alioka mikate usiku, nami niliuguza wagonjwa mchana. Yeye alitoka nyumbani saa moja jioni, mimi nikarudi saa mbili miguu imevimba, na ile saa moja katikati ndiyo ulikuja wewe kukaa na watoto. Asubuhi yeye alirudi saa kumi na mbili na nusu, mimi nikatoka saa moja kasorobo. Ndoa yetu ilikuwa hiyo, robo saa. Tulisimama mlangoni, yeye ana unga kwenye nyusi, mimi nafunga kifungo cha mwisho cha gauni la kazi. Alinipa mkate wa moto ndani ya kile kitambaa cha bluu, nikaumega, tukala tumesimama, tukaulizana mtoto yupi amekohoa, nikaenda zangu. Jumatatu alipumzika yeye, Jumapili nikapumzika mimi. Aliyepanga zamu zile hakututakia mema.

Mengine yote yalipita kwenye daftari. Unalikumbuka, lilikaa mezani chini ya chupa ya chai. Mkubwa ana homa, nimempa dawa saa sita. Bomba linavuja tena. Supu imepungua chumvi. Nami nikajibu kwamba chumvi iko palepale na mwenye mikono ajisaidie. Hata ugomvi wetu uliandikwa. Mtu anakasirika, anaandika, mwenzake anasoma saa kumi na mbili baadaye, na kufikia hapo aliyeandika keshasahau kilichomuudhi. Mtaani walitusifu kwamba hatujawahi kusikika tukigombana. Tungegombana saa ngapi?

Kule kwenye kiwanda cha mikate walimwita Mizani, kwa sababu alikata donge kwa kiganja, na ukiliweka kwenye mizani lilikuwa sawasawa na lililotangulia. Wageni walikuwa wakiwekeana dau naye, wakashindwa. Ni mtu wa maneno machache, hilo huhitaji kuambiwa. Siku ya posa alikaa sebuleni kwetu saa tatu nzima na akasema kwamba viti ni vizuri.

Sasa, tulipostaafu, yeye akitangulia na mimi nikifuata baada ya miezi miwili, alichukua kiinua mgongo chake moja kwa moja hadi kwa wakala wa safari, akarudi na tiketi mbili za kuizunguka dunia. Wakala alimshauri achukue safari ya mwezi mmoja, akimwambia wazee wengi huchoka. Akakataa. Akaonyeshwa ya siku tisini, vyumba vikubwa, varanda ya kuotea jua. Akakataa. Alitaka ile ya siku mia na kumi na tano, si pungufu wala si zaidi. Watoto walimuuliza kwa nini, wewe ulimuuliza, mimi nilimuuliza, na sote alitupa jibu lile lile, kwamba hiyo ndiyo saizi yetu. Tukadhani ni uzee. Wewe ulipotusindikiza ulininong'oneza kwamba tutarudi ama tumejuana ama tumeachana. Nilicheka, lakini maneno yale yalipanda nami melini.

Chumba chetu ni kisafi, sina la kulalamika. Kitanda, kabati, dirisha la duara, bafu ambalo ukiinama kunawa uso unafungua mlango kwa makalio, na kiti kimoja. Kiti kimoja, mdogo wangu! Siku za mwanzo tulikirimiana kile kiti mpaka kikabaki kitupu, mmoja amekaa kitandani upande huu, mwingine upande ule, tunatazama bahari. Bahari yenyewe ni nzuri mno, lakini hata bahari inafika mahali mtu ameshaiona. Nikagundua kwamba mume wangu sijawahi kumwona saa nne asubuhi. Sikujua kwamba anavuma wimbo mmoja tu, tena mstari wa kwanza peke yake, akifika mwisho anaanza upya. Sikujua kwamba anakunja soksi kabla ya kuzitia kwenye nguo chafu. Naye, nadhani, hakujua kwamba mimi huongea na vitu. Aliponikuta naigombeza sabuni alirudi nyuma, akaomba samahani, akafunga mlango.

Siku ya tisa tukagombana kwa mdomo. Sababu ni pazia. Yeye kwa miaka yote ile alilala mchana, anataka pazia lifungwe. Mimi nataka mwanga. Nilipaza sauti, naye akapaza yake, na wote wawili tukashtuka, maana sauti hizo hatukuwahi kuzisikia. Yeye akatoka kwenda kutembea sitahani. Mimi nikajikuta natafuta mahali pa kuandika, na daftari tumeliacha nyumbani, kwa kuwa tulisema safari hii hatutalihitaji.

Na kama vile hiyo haitoshi, chumba cha pili wanakaa mume na mke ambao meli nzima inawaita Njiwa. Wanashikana mikono kutoka kifungua kinywa mpaka chakula cha jioni. Wanakula sahani moja. Mke anaanza sentensi, mume anaimaliza. Niliwatazama nikajiona mwizi wa ndoa, mtu aliyevaa pete miaka thelathini na minane bila kufanya kazi yake.

Wiki ya tatu shemeji yako akaanza kutoka alfajiri. Nilimsikia akivaa viatu polepole, akaenda, na saa kumi na mbili na nusu juu ya alama mlango ukafunguliwa. Sikujua nimwambie nini, nikajifanya nimelala. Mimi ni muuguzi, nimekesha na waliolala maisha yangu yote, najua mtu aliyelala anapumuaje, nikapumua hivyo hivyo. Alisimama mlangoni kitambo, akaweka kitu mezani, akaondoka tena. Kesho yake vile vile. Kila siku vile vile. Kitu chenyewe kilikuwa mkate, vipande viwili kwenye sahani, nami nilijua ameupitia kwenye chumba cha chakula. Utakumbuka nilikuandikia kwenye kadi kwamba mkate wa meli ni mzuri karibu kama wa nyumbani. Moyoni nilisema mume wangu ananikimbia, ila kwa adabu.

Basi siku ya arobaini na tatu nikapiga moyo konde. Kwenye bandari ya katikati meli hulala siku mbili, wengine hushuka na wengine hupanda, na anayetaka kushuka hujiandikisha mapokezi. Nikajiandikisha jina langu peke yangu. Nikakutumia ule ujumbe. Yeye sikumwambia. Nilikusudia kumwachia karatasi mezani. Ndivyo tulivyozoea kuambiana mambo. Na ili usidhani nilikuwa na moyo wa jiwe, ujue kwamba sikuwa nimemchoka. Niliogopa. Nilisema ngoja niondoke sasa, huku bado tunaheshimiana, nibaki na ile robo saa yangu nzuri ya zamani, kabla hatujagundua kwamba hakukuwa na kitu kingine.

Siku ya hamsini na nane tukatia nanga. Utaratibu wao ni kwamba anayeshuka anatoa sanduku lake kwenye ujia, limebandikwa karatasi ya manjano, na wapagazi wanapita kuyazoa. Shemeji yako alikwishatoka. Nikavaa, nikatoa sanduku, nikakaa kwenye kile kiti kimoja na karatasi ya meli mbele yangu. Nikaandika Mume wangu, nikaweka mkato. Nikashindwa. Mimi niliyeandika madaftari arobaini na kitu! Nikasimama kufunga kifungo cha juu cha gauni, kwa sababu mikono ilitaka kazi, na hapo hapo mlango ukafunguliwa.

Alikuwa amesimama mlangoni na aproni nyeupe. Nyusi zina unga. Mikononi kile kitambaa cha bluu, chetu, kumbe alikitia mfukoni mwa koti siku ile tunaondoka. Na sanduku langu liko hapo miguuni pake, limebandikwa manjano.

Alilitazama sanduku, akanitazama mimi na kifungo changu, kisha akatazama saa ya mkononi. Akasema tuna robo saa.

Alisema bila uchungu wowote, kama alivyokuwa akiniambia kila siku. Akaongeza kwamba kama ni kwenda, atanibebea sanduku mwenyewe hadi chini, kwa sababu lina kitasa kibovu, ila kwanza nile, mkate usipoe. Akafungua kitambaa. Mdogo wangu, mkate ule ulikuwa na mikato mitatu mgongoni, wa tatu mfupi. Unaujua mkato ule, mtaa mzima uliujua. Wiki tano nimekula mkate wa mume wangu nikausifia meli, kwa sababu uliletwa umekatwa vipande na mimi asubuhi sivai miwani.

Nikamuuliza imekuwaje. Akanieleza kwamba wiki ya tatu alikwenda kwa mwokaji mkuu wa meli, akaomba kusimama tu pembeni anuse. Yule akamdharau kidogo, akamrushia donge alikate. Akalikata. Wakalipima. Wakamletea aproni. Akasema alikwenda kule kwa sababu kila asubuhi aliamka akiwa na hamu ya kuzungumza na mimi, na hajui kuanza bila mkate mkononi. Alijaribu bila mkate siku ishirini, nami niliona. Halafu kila alipoufikisha mlangoni alinikuta nimelala, na hakutaka kuniamsha, kwa kuwa alijua ni miaka mingapi usingizi wangu ulikatwa na kengele ya saa. Alisema alisimama akinitazama nilivyolala vizuri, akafurahi, akaenda.

Hapo sikuweza tena. Nilikaa kitandani, na nikamwambia jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote, hata wewe, nawe nimekuambia mambo ambayo hata kuhani hayajui. Sasa nakuambia.

Unakumbuka mwaka ule kitinda mimba alipokwenda shule ya bweni? Nyumba ilibaki tupu. Shemeji yako aliandika kwenye daftari, kwa kalamu ya wino badala ya penseli, kwamba sasa watoto hawahitaji mtu wa mchana na mtu wa usiku, na je, nisiombe zamu ya usiku ya kudumu wodini, ili tutoke pamoja na turudi pamoja. Nilikwenda kwa metroni, mkuu wetu wa wauguzi. Metroni alinikubalia palepale, tena kwa furaha, kwa sababu zamu ya usiku hakuna anayeitaka. Nikatoka ofisini kwake, nikafika kwenye ngazi, na miguu ikagoma. Nilijiona nimekaa naye mezani mchana kutwa, robo saa imekwisha na bado kuna saa tisa. Mimi mwenye domo hili niliogopa kwamba tutaishiwa maneno, na kwamba ataniona nilivyo, mwanamke wa kugombana na sabuni. Nikarudi kwa metroni nikakataa. Nyumbani nikaandika: Metroni amekataa, hakuna nafasi. Asubuhi nikakuta jibu lake: Sawa. Mkate uko kwenye kitambaa. Tukaishi hivyo miaka kumi na tisa mingine, na iliyotuweka ni sentensi yangu moja ya uongo.

Nilimwambia yote hayo huku nimetazama sakafu. Nilipomaliza alimega mkate, akanipa upande wenye ganda gumu ninaoupenda, akaniambia anajua. Alijua tangu siku ya pili. Metroni alikuwa akinunua mkate kwenye dirisha la kiwanda akienda kazini, akampa pole kwamba mkewe amekataa nafasi nzuri namna ile.

Fikiria, mdogo wangu. Miaka kumi na tisa! Mimi nikijua jambo kama hilo juu ya mtu, dakika tano ni nyingi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alijaribu kuandika jibu mara nyingi akawa anachana kurasa, na nakumbuka kweli mwaka ule daftari lilikonda, nikadhani ni watoto walipokuja likizo. Mwisho alijisemea kwamba kama robo saa ndiyo ninayoweza kumpa kwa moyo mweupe, basi robo saa hiyo ataitengeneza vizuri. Tangu siku ile akaacha kuniletea mkate wa kundi la mwisho. Aliubakiza mmoja peke yake, akauingiza kwenye tanuri saa kumi na mbili kasoro robo, utoke na moto wake, aukimbize nyumbani. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Na mimi ndiye niliyekuwa nikijisifu wodini kwamba mume wangu ana bahati, kila siku anakuta mkate wa moto.

Sijawahi kumwonea mtu fahari kama nilivyomwonea yeye asubuhi ile. Nimefanya kazi na madaktari wakubwa, nimeona watu wakivumilia maumivu ambayo wewe hungeyatazama, lakini mtu wa kulimeza jambo namna ile na kulirudisha likiwa mkate, mmoja tu nimemwona, na nilikuwa nimembandikia sanduku karatasi ya manjano. Nililia, naye akanipa kitambaa cha bluu, nikajipaka unga uso mzima.

Nikamwambia siendi. Akasema sawa. Ni lile lile sawa lake, lakini safari hii nilikuwepo, nikaliona linavyotoka. Alilisema huku akinifuta unga kidevuni.

Tukafungua mlango tuingize sanduku. Sanduku halipo.

Wapagazi walikwishapita huku sisi tunalizana. Ungetuona! Wazee wawili, yeye na aproni, mimi na kandambili na unga mashavuni, tunakimbia kwenye ujia tukigonga milango ya watu. Njiwa walitoka kutazama, na hapo ndipo nilipomsikia yule Njiwa mke akimfokea mumewe kwamba amekanyaga miwani yake tena, mjinga mkubwa. Sikusimama, lakini moyo ulinitulia. Tulishuka ngazi ya meli, mlinzi akigusa kadi yangu mashine inalia, kwa sababu kwa hesabu zao mimi nimeshashuka kwa heri. Shemeji yako, ambaye kwa miaka thelathini na minane sijamsikia akimwamuru mtu, alimwambia yule kijana asogee, huyu ni mke wake na ndani ya sanduku mna dawa zake za presha. Akasogea.

Kwenye banda la mizigo masanduku yalikuwa mamia, mengi meusi kama langu. Mimi nilikata tamaa mlangoni. Yeye alipita kati ya safu akiinua moja moja kwa mkono mmoja, anainua kidogo, anaweka chini, anaenda kwenye lingine. Mpagazi akamuuliza anatafuta alama gani. Akajibu hatafuti alama. La ishirini na ngapi sijui, akainua, akasema ni hili. Tukafungua, zikatokea kanga zangu. Alijua uzito wake, maana ndiye aliyelibeba siku ya kwanza. Wapagazi walipiga makofi, nami nikatamani kuwaambia kwamba huyu ni wangu.

Hatukuwa na pumzi ya kurudi, tukakaa juu ya lile sanduku, yeye upande huu na mimi upande huu, mabega yanagusana kwa sababu sanduku si kubwa. Nikamuuliza sasa anieleze, kwa nini siku mia na kumi na tano. Aliivua aproni, akaikunja juu ya goti. Kisha akasema alikokotoa siku ile aliyostaafu, kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la mwisho. Ukitoa Jumapili na likizo, maana hata Jumatatu aliamka kunisindikiza, kila mwaka tulikutana mlangoni kama mara mia mbili na tisini. Zidisha kwa miaka thelathini na minane, kila mara robo saa. Ukizikusanya zote, zile asubuhi zote, ukaziweka mfululizo mchana na usiku, zinakuwa siku mia na kumi na tano kasoro kidogo. Hiyo ndiyo ndoa yote tuliyopata. Akasema alitaka aipate tena, mara moja tu, kipimo kile kile, lakini mfululizo, bila mlango katikati.

Nilimwambia amesahau siku nilizokuwa likizo ya uzazi. Akasema hakusahau, siku zile zilikuwa za watoto, hawezi kujipimia yeye.

Basi, mdogo wangu, hiyo ndiyo sababu shuka yako ya maua haikulaliwa. Tulirudi melini, nikajaza fomu tatu kuthibitisha kwamba nipo. Pazia tumekubaliana lifungwe nusu. Kwenye duka la bandarini tulinunua kiti cha kukunja, na daftari, ambalo kurasa zake ndizo hizi unazosoma. Tumeamua litumike kwa kukuandikia wewe tu. Kuongea bado tunajifunza. Jana tulikaa saa nzima hatuna neno, nikaanza kuogopa, kisha akaniuliza kama yule mgonjwa wa kitanda cha saba, aliyekuwa akiimba, alipona. Nilimtaja mlangoni mara moja tu, miaka ishirini na sita iliyopita. Nikamweleza mpaka wakati wa chakula.

Zimebaki siku hamsini na nne. Watoto usiwaambie habari za sanduku. Wakubwa wale watanicheka. Msalimie mwanao, wabusu wajukuu, jirani mwambie dada amebadili nia na bado asiulize. Jipake dawa goti. Na wewe uliyekaa na wanangu ile saa moja, kila siku, miaka yote, ili sisi tuweze kupishana, nakushukuru leo kwa maandishi kwa sababu sikuwahi kukushukuru kwa mdomo. Nikifika nitakushukuru na kwa mdomo, jiandae kunisikiliza.

Nakupenda sana.

Ni mimi dada yako

Shemeji, nami nakusalimu. Nimepewa barua hii niisome kabla haijafungwa, na dada yako amekwenda kutafuta bahasha. Yote aliyoandika ni kweli. Nina sahihisho moja, ubaki nalo wewe. Mke wangu akilala kweli hukoroma. Nilijua yuko macho. Nilisimama pale mlangoni robo saa nzima kila asubuhi, na zile pia nimezitia kwenye hesabu. Mlimau upewe maji asubuhi, si jioni. Mizani.